Jembe la Shetani

"Shetani hana jembe, hulimia lako." Mama yenu ameyasema hayo asubuhi hii, na ana haki, maana mtungi umevunjika na kila mmoja wenu anadai alipitiwa na shetani. Watoto watatu, shetani mmoja! Sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Kaeni chini, mwacheni paka. Ilianza hivi.

Uchagani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, palikuwa na mjane aliyeitwa Aikande. Mwaka huo alikuwa na jambo moja tu kichwani: ndoa ya mwanawe Elinami. Ilikuwa lazima wapeleke mbege, ile pombe yetu ya ndizi, kwa wakwe, na mbege haipikwi bila ulezi. Kwa hiyo Aikande alipanda ulezi mtupu, akawa anauchunga kama mtu anayechunga maziwa motoni. Ukifa ulezi, posa ingengoja mwaka mzima, na baba wa binti alikwisha kusema kwamba yeye hangoji.

Ulezi ule ulinywa maji ya mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kwa mikono kuteremsha maji kutoka msituni. Maji hayo yaligawanywa kwa zamu. Kila mtu alikuwa na siku yake, na siku ikikupita ulingoja nyingine nane. Zamu yako ikifika, uliziba njia ya jirani kwa vipande vya mgomba na udongo, ukabomoa tuta upande wako, maji yakaingia.

Jirani yake alikuwa shemeji yake Ndekirwa, mdogo wa marehemu mumewe. Huyu mtu alikuwa na shetani kwa kila kitu. Kisiki kikimkwaa, shetani. Pilipili ikimwasha, shetani. Mbuzi mkaidi alikuwa shetani, mvua ya siku ya mavuno ilikuwa ya shetani, na mtoto aliyejua hesabu upesi aliambiwa, "Huyu naye ni shetani kweli kweli," na hapo alikuwa anasifiwa! Alipounguza maharage alipitiwa na shetani. Aliposinzia kanisani, shetani alimkalia machoni. Aikande alikuwa akisikia neno hilo anaumwa na kichwa.

Basi ulezi ulipoanza kutoa masuke, jua likashika kweli kweli. Siku ya zamu yake Aikande aliamka mapema, akabeba jembe, akafika mfongoni. Upande wake palikuwa pakavu kabisa. Maji yote yalikuwa yanatiririka kwenye shamba la Ndekirwa, na siku ile haikuwa yake.

Kabla hajafungua kinywa, shemeji alikuwa amekwisha kufika ameshika jani la sale. Sale ni ule mmea tunaoupanda mipakani, na kwetu mtu akikuletea jani lake kuomba radhi, humfukuzi. Ukimfukuza, wewe ndiwe unayegeuka mkosaji.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Shetani alinipitia."

Aikande alilipokea jani. Alilipokea kwa meno yaliyokazwa, lakini alilipokea, neno likaisha. Maji yaliyobaki yalilowesha matuta manne tu.

Siku nane baadaye alikuta mambo yale yale. Maji kwa Ndekirwa, ukavu kwake, na shemeji huyo anakuja na jani jingine bichi.

"Shemeji, huyu shetani ana kisa na mimi!"

Aikande alitazama masuke yake yaliyoanza kujikunja. Watu hupenda kusema mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, lakini ulezi uliokauka hauivi. Alilipokea jani la pili, akaliweka pamoja na la kwanza, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mangaliwa, msimamizi wa mfongo.

Mzee aliwaita wenye zamu wote wakutane pale maji yanapogawanyika. Ndekirwa alikuja na jani la tatu, tena safari hii alichagua refu.

"Wazee wangu," alianza, "mimi si mwizi. Mnanijua. Ni shetani tu."

Wengine waliguna, wengine wakaanza kutikisa vichwa kwa huruma. Aikande aliona mambo yanakwenda kulekule. Hasira zilimpanda, lakini alipomgeukia Mzee Mangaliwa na kumwita meku, yaani babu, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Meku, sheria ya mfongo inasemaje kwa aliyechukua maji yasiyo zamu yake?"

"Jembe lake linakaa kwangu mpaka mavuno," alijibu Mzee Mangaliwa.

"Vema. Shemeji yangu nimemsamehe mara mbili, na leo namsamehe ya tatu. Anasema si yeye, ni Shetani. Mimi namwamini. Basi nileteeni jembe la Shetani."

Ndekirwa alipepesa macho.

"Shetani hana jembe, shemeji."

"Hana? Na tuta hili lililobomolewa, alilibomoa kwa kucha?"

"Alitumia... alitumia la kwangu."

"Lililokuwa wapi?"

"Nyumbani, nyuma ya mlango."

"Na nani alilitoa nyuma ya mlango, akalibeba begani mpaka hapa?"

Mzee Mangaliwa alinyoosha mkono. "Lilete."

"Meku, nitalimia nini?"

"Mwombe rafiki yako akuazime lake," alisema Aikande, na hapo watu wakaangua kicheko.

Jembe lilichukuliwa. Tangu siku hiyo maji yalifika kwa Aikande kila zamu, lakini nusu ya ulezi ilikuwa imekwisha kufa. Alikesha akipiga hesabu ya mitungi, na alilia, sitawaficha.

Wiki mbili zikapita. Jioni moja Ndekirwa alikuja kwake na jani la sale, magugu yamemshinda shambani. Aikande alimkazia macho.

"Sheta—" alianza Ndekirwa, akajikatiza. "Ni mimi. Niliyachepusha maji mimi mwenyewe. Niliona shamba langu linakauka, nikaogopa, nikaona wewe ni mjane, hutasema kitu. Mavuno yangu yote ya ulezi ni ya mbege ya Elinami. Chukua."

Aikande alilipokea jani, na safari hii meno yake hayakukazwa. Aliingia ndani, akatoka na jembe lake mwenyewe, akamkabidhi shemeji yake.

"Kalimie. Lakini hili ni langu, na rafiki yako asiliguse. Umenisikia? Shetani hana jembe, hulimia lako."