Mwanamke wa Mwisho wa Mfereji

Mwanamke mmoja mjane, Nakunda, alikuwa na shamba la maharage mwisho kabisa wa mfereji. Maji ya kijiji chao hukusanywa bwawani juu mlimani, hufunguliwa alfajiri, yakashuka shamba kwa shamba. Yeye huyapata wengine wote wakishashiba. Mwaka ule maharage yalikuwa yanatoa maua na mvua ilikuwa imegoma. Angeyakosa maji wiki moja tu, wanawe wangelala njaa hadi mwakani.

Siku ya kuchagua msimamizi wa bwawa ikakaribia. Senzota wa kitongoji cha juu aligombea, na Mbonea wa kitongoji cha chini akagombea. Asubuhi moja simu za watu wa chini zikaanza kulia. Ndani yake mlikuwa na ujumbe wa kurushiana simu kwa simu: sauti ya Senzota, hata kile kikohozi chake, ikisema kwamba akichaguliwa, wa chini hawatapata hata tone.

Watu wakashika majembe wakabomoe ukuta wa bwawa, bora wakose wote. Lisemwalo lipo, wakasema. Hasira, ndugu zangu, haijawahi kukosa methali. Nakunda naye alishika jembe lake, moyo ukimwaka, kwa maana nani angeumia kuliko yeye? Alikwenda nao mpaka walipoufikia mfereji. Pale akasimama.

Kule kwao kuna desturi. Maji yakifika machafu, huyanywi, wala humtukani jirani wa juu. Unaweka jembe begani unaufuata mfereji, na kila unayempita anatoka shambani kuandamana nawe, mpaka mfike yalikochafukia. Pengine ni ng'ombe amekanyaga. Pengine ukingo umemomonyoka, mnauziba papo hapo. Nakunda alikuwa ameupanda mfereji ule kuliko mtu yeyote, maana tope lote huishia kwake.

Akamgeukia shemeji yake aliyekuwa mbele ya wote. "Shemeji, maji machafu huwa tunayafuata, na neno hili tulifuate. Wewe nani amekuletea?"

Shemeji alilipata kwa fundi cherehani. Fundi alilipata kwa mwimbaji wa kwaya, na mwimbaji kwa muuza mitumba wa gulioni. Hakuna aliyeona haya kusema, kwa kuwa kwenye mfereji mtu haulizwi ili aaibishwe. Kila aliyeulizwa aliungana nao. Mwisho wakaifikia namba ambayo hakuna mtu, wa juu wala wa chini, aliyeijua. Wakaipiga, haikupokelewa; wakairudia, imezimwa. Basi wakarudi mlango kwa mlango, na kila mmoja akamwambia yule aliyempelekea kwamba neno lile halina mwenyewe. Senzota, ambaye hakuwahi kulitamka, aliposikia, alilia mbele ya watu.

Siku ya kuchagua, watu walijipanga nyuma ya wagombea, kama ilivyo ada yao. Nakunda alisimama nyuma ya Mbonea, kweupe, Senzota akimtazama. Alimwona Mbonea hodari zaidi wa kutunza kingo, basi. Senzota akashinda, na alfajiri iliyofuata maji yalishuka mpaka kwenye maharage ya Nakunda, kutoka bwawa ambalo ukuta wake haukuguswa.

Mwanamke wa kuvuliwa kofia, huyo. Na wewe uliyempelekea jirani yako neno jana, ulilifuata mpaka wapi?