Maji Yaliyotakata Mapema

Wahenga waliposema kutangulia si kufika, hawakuwasema wakimbiaji peke yao. Walimsema pia mtu anayeona dalili ya kwanza ya heri, akadhani heri yenyewe imeshaingia ndani na kuvua viatu. Bi Nili, fundi wa kutia nguo rangi, alikuwa mtu wa namna hiyo.

Jina hilo alibandikwa na majirani, maana mikono yake ilikuwa ya buluu hadi kwenye viwiko. Ujuzi wake wote ulikaa machoni. Alichungulia pipa mara moja tu na kukuambia kama rangi imekolea au bado, wala hakukosea. Macho hayohayo ndiyo yaliyomponza.

Mdogo wake, aliyesomea kemia, alikuwa amemjengea juzijuzi uani mabirika mapana ya saruji, yenye kina kifupi, yaliyopakwa unga mweupe. Maji machafu ya rangi yalimwagwa humo, jua likaupiga ule unga, nao ukaanza kuila rangi pamoja na sumu yake. Sharti lilikuwa moja: koki ya kuelekea mferejini isifunguliwe kabla jua halijazama.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yakijikusanya, na mapipa mengine yalisubiri zamu. Adhuhuri Bi Nili akachungulia birika. Maji yalikuwa meupe, na kila mkwaruzo wa sakafuni ulionekana.

"Mimi ndiye wa kufundishwa rangi?" alijichekea, akafungua koki.

Alasiri mdogo wake aliingia na bakuli la visamaki, kama ilivyokuwa kawaida yake ya kuyapima maji. Alikuta birika tupu, kidimbwi tu kimebaki karibu na koki.

"Dada, maji ya asubuhi yako wapi?"

"Yameenda zake. Yalikuwa safi kuliko machozi."

Mdogo wake aliinama. Alikichota kile kidimbwi, akakimimina bakulini. Visamaki vilizunguka kama vilivyopagawa, kisha kimoja baada ya kingine vikageuka tumbo juu.

"Rangi hufa kwanza, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Sumu huvunjika vipande vipande, na vipande hivyo huchelewa kufa. Nani anachota huko chini?"

Bi Nili aligeuka kuelekea mferejini. Kule mfereji ulikoishia alikaa binti yake, mjamzito wa miezi minane, baada ya mimba mbili kuharibika. Alitoka mbio, viatu akaviacha njiani. Alijipa moyo kwamba binti yake hanywi maji ya mferejini, hajawahi, siku zote hupanda kilima kwenda bombani. Nani anywe maji ya buluu? Ndipo alipokumbuka kwamba leo hayakuwa ya buluu, akaongeza mbio.

Alimkuta binti ameketi kizingitini, kikombe mkononi.

"Mama, mbona unahema hivyo? Leo mmetuletea maji meupe. Kilima kimenishinda na tumbo hili, nikachota hapahapa."

"Umeyanywa?"

"Vikombe viwili. Ila tumbo linanisokota kidogo."

Walipomfikisha zahanati, mkunga aliweka kifaa chake cha kusikilizia juu ya tumbo, akainamisha sikio. Akakihamisha. Akasikiliza tena. Bi Nili alisimama ukutani, akimwangalia usoni kama mshtakiwa anavyomwangalia hakimu. Aliogopa kuuliza. Aliogopa hata kumshika mwanawe kwa mikono ile yake. Mdogo wake alikuwa amewafuata, akasimama mlangoni.

"Moyo wa mtoto unapiga," mkunga alisema hatimaye.

Machozi yakamtoka Bi Nili. Alimsogelea binti yake amkumbatie, huku akimshukuru Mungu kwamba balaa limepita.

"Kaa chini, mama," mkunga alimwambia, bila kuondoa mkono tumboni. "Nimesema unapiga. Sijasema yuko salama. Kutangulia si kufika."