Mashavu na Nyumba ya Vitabu

Paukwa!

Pakawa!

Haya, nipeni masikio yenu. Hapo kale, kale ile ya mbali, palikuwa na kijiji, na kijijini mle aliishi bibi mmoja, Bi Mwanasha. Kazi yake kufasiri ndoto. Uote nyoka, uote meno yanadondoka, utakwenda kwake tu. Atakusikiliza mpaka umalize, ndipo akwambie maana yake.

Bi Mwanasha alilea mtoto ambaye hakumzaa, jina lake Mashavu. Mashavu aliambiwa mama yake alikufa mwaka wa njaa. Basi, hakuambiwa zaidi. Akakua, akaolewa, akawa na mimba ya miezi saba.

Asubuhi moja Bi Mwanasha anatwanga mtama. Twa! Twa! Twa! Mashavu akaingia uani, macho mekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Nimeota. Siku ya tatu leo, ndoto ile ile."

"Kaa. Niambie."

Mashavu akakaa.

"Nimeota niko ndani ya nyumba kubwa. Kuta zote ni vitabu, toka chini mpaka darini, na kila kitabu kina jina la mtu. Nikaona cha mume wangu. Nikaona chako, kinene. Watu wanaingia, wanachukua vyao, wanafunua, kwaru, kwaru, wanasoma, wanacheka. Mimi natafuta changu. Napanda ngazi, nashuka, napanda tena. Sikioni. Nikafika penye pengo, upana wa kiganja. Nikamwuliza mlinzi, 'Changu kiko wapi?' Akanijibu, 'Kipo. Kimeazimwa, hakijarudishwa.' Bibi, nitakufa na uzazi huu?"

Mchi ukasimama.

"Nyumba hiyo inaitwa maktaba," Bi Mwanasha akasema polepole. "Niliiona mjini nilipokuwa msichana. Humo huwekwa yale watu waliyoyapitia, ili wengine wayajue. Kuiota si kifo. Anayeota maktaba anatafuta jambo ambalo lipo na linajulikana, ila yeye hajaambiwa."

"Na lile pengo?"

Bi Mwanasha akaulaza mchi chini. Angeweza kusema pengo ni mtoto anayekuja. Mashavu angefurahi, angerudi kwake kupika. Maneno hayo yalikwisha kufika ulimini. Akayameza.

"Pengo ni asili yako. Na aliyeazima ni mimi."

"Sielewi, bibi."

"Mama yako hakufa. Anaitwa Zuwena binti Heri. Mwaka wa njaa alikuacha mlangoni kwangu, huna hata nguvu ya kulia. Baada ya mavuno mawili akarudi kukuchukua. Nilikuwa nimekuzoea, Mashavu. Nikamwambia umekufa. Nikamwonyesha kaburi la mtoto mwingine. Akalililia kutwa nzima, nami nimesimama, namtazama."

Mashavu hakulia. Aliuliza tu:

"Watoto wenzangu walikuwa wakiniita yatima. Ulikuwa ukisikia?"

"Nilikuwa nikisikia."

"Yuko wapi?"

"Ng'ambo ya vilima, mwendo wa siku mbili. Nitakupeleka. Nami nitayasema kwa kinywa changu."

Wakaenda. Mmoja na mimba yake, mmoja na uzee wake. Tapu, tapu, tapu. Mashavu mbele, bibi nyuma. Walipofika mtoni, maji yakamshinda bibi. Mashavu akageuka. Akamtazama kitambo kirefu. Kisha akarudi, akamshika kifundo cha mkono, akamvusha. Walipofika ng'ambo akamwachia, akatangulia tena.

Tapu, tapu, tapu.

Siku ya pili wakamkuta mwanamke anaanika mihogo mbele ya nyumba yake. Bi Mwanasha akapiga magoti mavumbini.

"Zuwena, lile kaburi ulilolililia halikuwa la mwanao. Nilikudanganya. Mwanao huyu hapa."

Mihogo ikamponyoka Zuwena, pwatapwata! Akamkaribia Mashavu. Akamtazama uso, akamtazama tumbo. Miaka yote ile, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili:

"Umekula?"

Hapo ndipo Mashavu alipolia.

Zuwena akamgeukia bibi aliyepiga magoti. "Sijui kama nitakusamehe. Inuka. Kaa kivulini, umetoka mbali."

Mashavu akamwita mumewe, akazalia kule kwa mama yake. Bi Mwanasha akarudi peke yake. Alipofika hakujificha: alipita nyumba hata nyumba, akawasimulia alilolitenda. Wako waliokoma kwenda kwake. Wako waliozidi kwenda, wakisema, huyu hawezi kutuficha la kwetu iwapo la kwake amelitoa. Ndoto alizozifasiri zimesahauliwa zote, isipokuwa ile iliyomuumbua mwenyewe.

Enyi mlionisikiliza: habari za mtu ni za mwenyewe. Ukiwa unazo, mpe, hata kama kumpa kutakupotezea mapenzi yake. Naye atakayeungama kosa lake mwenyewe kabla hajakamatwa, huyo ndiye mwenye busara.

Mimi nimefika mwisho wa njia yangu. Hadithi imeishia papo.