Dawa ya Nywele ya Siwema

Mzee Shomvi, mwenye nyumba mwenye kipara cha kumetameta, alimjia juu mpangaji wake Siwema.

"Ukuta wangu umeota ukungu! Usugue leo, la sivyo uhame."

"Niusugue, baba, na ndiyo dawa yangu ya nywele?" Siwema alizitikisa nywele zilizomfika kiunoni. "Unastawi humu kwa sababu hamna dirisha."

Mzee alijipapasa kipara.

"Ukuta wangu, ukungu wangu! Nenda chumbani kwangu, mimi nahamia humu."

"Kule kwenye madirisha mawili? Unanionea, baba."

"Hama!"

Siwema alihama huku analia. Alipoingia alifunga mlango, akafungua madirisha yote mawili, akavua wigi lake na kulitundika penye upepo, lisije likaota ukungu.