Waya wa Dhahabu wa Bwana Mselemu

Kila Ijumaa chama cha wapenzi wa santuri kilikusanyika kwa Bi Mkasi, fundi redio, kusikiliza taarabu. Siku moja tajiri Mselemu akaja na waya wa spika uliopakwa dhahabu.

"Huu unakufanya usikie hata pumzi ya mwimbaji," alisema. "Asiyenunua kama huu atoke chamani. Nawe Bi Mkasi, utatangulia kununua."

"Nitanunua, bwana wangu, masikio yako yakiutambua. Nipe nikauunganishe. Nitapiga mara mbili, useme dhahabu ni ipi."

Mashine ya santuri na spika yake zilikuwa nyuma ya pazia, karibu na mlango wa uani. Bi Mkasi akaingia huko, akakawia kidogo. Santuri ikalia, Mselemu akafumba macho, akatikisa kichwa kwa raha. Iliporudiwa, akakunja uso.

"Bati hilo! Dhahabu ilikuwa ya kwanza."

"Una hakika?"

"Kama si kweli, nitoke mimi!"

Bi Mkasi akafungua pazia. Spika ilikuwa na waya wake ule ule wa zamani, na vumbi lake juu.

"Wangu uko wapi?"

"Uko uani, nimeufungia mbuzi. Ukitoka uuchukue, ila mbuzi mfunge kwa kamba."