Papa Apewa Jembe

Hapo zamani za kale baharini kulikuwa na adabu: hakuna aliyeingia kwa mwenziwe bila kubisha. Basi Bi Pomboo akajifungua binti, Kidosho, na siku ile ile akasikia, "Hodi, hodi wenyewe!"

Nani? Bwana Papa, mgeni wa maji yale. Meno nje, zawadi hana!

"Nimekuja kumwona mtoto. Lo, kanona huyu!"

Moyo ukamlipuka Bi Pomboo, lakini mgeni hafukuzwi. "Karibu," akasema.

Papa akawaza: mama akilala tu, namla mtoto.

Lakini pomboo, wanangu, hulala nusu nusu. Jicho moja likisinzia, jingine linalinda. Papa akanyemelea kushoto, nyata, nyata...

"Umepotea, Bwana Papa?"

"Aa, najinyoosha tu!"

Akazungukia kulia. Macho yalishabadilishana zamu!

"Unajinyoosha na huku?"

Siku ya pili vile vile. Bi Pomboo hakuthubutu kutoka kutafuta dagaa, maziwa yakaanza kumkauka. Kidosho analia njaa. Maskini mama, aliogopa kweli.

Siku ya tatu asubuhi akaangua kicheko, kwi kwi kwi! "Bwana Papa, mila waijua? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Kuna shamba langu pale juu, limejaa magugu, linaninyima usingizi. Likiwa safi, nitalala fofofo, macho yote mawili."

Udenda ukamtoka Papa. "Jembe liko wapi?"

"Na meno yote hayo?"

Papa akapanda mbio. Akaona uwanja mpana, umeota mwani na vikome. Akang'oa, kwaru! kwaru! Gugu moja likagoma. Akauma kwa nguvu zote, nga!

"MAMA WEE!" Shamba likainuka. Kumbe ni mgongo wa Mzee Nyangumi, jirani, anaota jua! "Nani ananitafuna?"

"Mi-mi-mimi nalima tu, Mzee!"

"Unalima? Haya, vuna!"

Mkia ukashuka, PAAA! Papa akaruka hadi ng'ambo ya mwamba, meno yakimpukutika njia nzima. Hakurudi hata kuyaokota.

Bi Pomboo akala dagaa, akamnyonyesha Kidosho mpaka akacheua. Kisha akalala, jicho moja wazi.

Hadithi yangu imezama hapo, nanyi ibukeni na hili: abishaye hodi kwa nia mbaya, hutoka bila kuaga.