Kiti cha Bibi Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya watu wenye njaa. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mmekuja. Hapo zamani za kale, korongo walikuwa na kazi ya kuwavusha wanyama ziwa. Walisuka tenga kubwa, kubwa kama nyumba. Wakalifunga kamba. Wakazishika kamba kwa midomo, wakapiga mbawa, pa! pa! pa! Tenga likapanda angani. Ukiondoka asubuhi, jua likianza kuinama uko ng'ambo.

Mbele ya tenga walikaa wakubwa. Simba alitandikiwa majani laini, akajinyoosha, akakoroma. Nyuma walikaa wengine wote, kwenye viti vya fito. Na viti hivyo, jamani, vilibana! Ukikaa, magoti yanakugusa kidevu. Ukijikuna, unamkuna jirani.

Siku moja akapanda Bibi Nungunungu. Binti yake Mwanamize alikuwa ng'ambo ya ziwa, na mimba yake ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimefika. Mnajua wenyewe, mtoto wa kwanza mama lazima awepo. Nani atamshika binti mkono? Nani atamkorogea uji wa pilipili manga? Nani atakiogesha kichanga? Tangu habari zimfikie, Bibi hakupata hata lepe la usingizi.

Akapewa kiti. Ubavuni pake alikaa Ngiri, mpana huyo, na pembe zake mdomoni. Mbele yake alikaa Fisi.

Rubani Korongo akasimama ukingoni mwa tenga, kwa mguu mmoja. Akatangaza: "Abiria! Atakayemwumiza mwenzake atateremshwa kisiwani. Atangoja huko mpaka mwezi uandame!"

Moyo wa Bibi ukaruka. Miiba yake, akishtuka, inasimama. Akisinzia, inasimama vilevile. Basi akaibana. Akabana miiba, akabana mabega, akabana hata pumzi.

"Bibi, hebu sogea," akasema Ngiri.

"Nisogee wapi, baba?"

"Mh! Fuu!" Ngiri akageukia upande wa pili.

Pa! pa! pa! Tenga likaenda. Bibi macho yakawa mazito. Akajifinya. Yakawa mazito tena. Akajifinya tena. Ngiri akahisi kitu kinatikisika ubavuni pake. Akageuka.

"Bibi, mbona unatetemeka? Unasikia baridi?"

"Sisikii baridi, mwanangu. Naishika miiba isikuchome."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Ngiri hakupiga fuu tena. Aliona haya.

Mara Fisi akalaza kiti chake nyuma, krrr!

"Kaka Fisi, taratibu, magoti yangu," akasema Bibi.

"Kiti changu, mgongo wangu!" Fisi akasukuma tena, kwaa!

Bibi akashtuka. Miiba ikasimama, chaka-chaka-chaka! Mmoja ukapenya kwenye fito.

"Uwiii!" Fisi akaruka. "Nimechomwa! Nakufa mie!"

Rubani Korongo akaja, chupu, chupu, kwa ule mguu mmoja. Akauona mwiba. "Bibi, kisiwa kile pale. Jitayarishe kushuka."

Bibi akalia. "Baba, binti yangu anazaa. Ni mtoto wake wa kwanza. Ukiniacha hapa, atashikwa mkono na nani?"

"Nilishatangaza, Bibi. Kila mtu alisikia."

Ngiri akainuka. "Rubani, mimi ndiye niliyebanwa naye, na hakunichoma hata kidogo. Kabla hujamshusha, kaa wewe kwenye kiti chake."

Korongo akakaa. Mguu wa kwanza ukaingia vizuri. Wa pili ukagoma. Akaukunja, ukakataa. Akaunyoosha, ukampiga Fisi kisogoni, pwa!

"Jamani, huu mwingine niuweke wapi?"

Tenga zima likacheka. "Wewe unayo miwili," akasema Ngiri. "Wengi wetu tunayo minne."

Korongo akaitazama miguu yake. Akasema polepole, "Sisi tukipumzika, tunasimama kwa mguu mmoja. Tulipopima viti, tulipima nafasi ya mguu mmoja. Mbona hamkutuambia?"

Ngiri akajibu, "Tulikuwa tunanung'unikiana sisi kwa sisi."

"Basi Bibi, kosa si lako," akasema Korongo. "Ni langu, na unisamehe." Akafungua kamba za viti vya mbele. Akavisukuma, na Fisi akiwa juu yake, mpaka vikagusa majani ya Simba. Simba aliendelea kukoroma. Kisiwa kikapita chini yao.

Magoti yakapata pa kukaa. Ngiri akasema, "Bibi, sasa lala."

"Nikilala, miiba itasimama, mwanangu."

"Na isimame. Mimi pia nitasimama."

Akasimama kweli. Bibi akalala, miiba ikajitandaza kiti kizima, na Ngiri alisimama hadi miguu ikamfa ganzi. Mwendawazimu? La hasha. Mama yake alimzaa peke yake porini, hana mtu wa kumshika mkono. Jambo hilo lilimwuma siku zote.

Wakatua. Bibi akakimbia. Akamkuta Mwanamize mkekani, jasho linamtiririka.

"Mama! Umefika!"

"Nimefika, mwanangu. Nipe mkono."

Jua lilipokuwa linazama, mtoto akazaliwa. Vimiiba vyake vilikuwa laini kama majani machanga. Bibi akamwogesha, akamlaza. Mwanamize akasogea, akapapasa mkeka. "Njoo, mama, ulale. Panatutosha." Wakalala wote watatu, na hakuna aliyemchoma mwenzake.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikilizi. Mkibanwa pamoja, msimchukie jirani, naye kabanwa. Semeni na aliyepima kiti. Na wewe unayepima, muulize kwanza atakayekaa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa mzazi. Tuondoke polepole, mtoto amelala.